Barua kwa Kasaya, Mkononi mwa Mwalimu

Kwa Kasaya wangu, nyumbani Chavakali,
mkononi mwa Mwalimu Amugune,
kwa kuwa wewe husomi, nami siandiki.

Salamu nyingi kama
(Sefu ananishauri niseme mchanga wa pwani.
Mimi pwani nilipita usiku nikipanda meli,
mchanga sikuuona)
basi, nyingi kama kokoto za Edzava
ulizokuwa ukisugulia visigino.

Sefu ni koplo, mtu wa Pangani, ana mwandiko mzuri.
Nilipomwambia, Muulize kama wimbi limekauka,
alisimamisha kalamu: Wimbi la bahari hukauka?
La uji, ndugu yangu. Linaloanikwa
juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba,
mke wangu amekaa kando na fimbo, anafukuza kuku.
Alicheka mpaka wino ukamwagika. Ndilo doa hilo.
Hivi ndivyo ninavyosema nawe, Kasaya:
kwa lugha ya Sefu,
kama mtu aliyeazima koti la mtu mnene
akaenda nalo kuposa.

Tuko katika nchi ya ————
tumevuka mto uitwao ————
Mvua ya huku haina adabu.
Ya kwetu huja saa nane, hunguruma kwanza,
mtu akaanua nguo zake.
Hii haibishi hodi. Nyumbu wanazama hadi tumboni,
ruba wanapenya tundu la kamba ya kiatu.
Tunameza vidonge mpaka tumekuwa manjano;
ukiniona leo utasema ni ndizi imevaa kofia.
Chakula kinaangushwa na ndege.
Juzi ————————
———————— na gunia halikupasuka.

Posho yako ya Kakamega ni shilingi kumi na mbili.
Karani akikupa kumi, usiondoke mlangoni.
Hesabu kwa sauti.
Wanamwogopa mwanamke anayehesabu kwa sauti.

Adagala ametulia. Hanidai tena sigara.

Mtoto niliyemwacha tumboni, mnasema ni mvulana,
mnasema analia usiku kucha
na hajakubali jina la baba yangu wala la mjomba wako.
Jaribu Adagala.
Mwite mlangoni, taratibu, mara tatu.
Wewe unajua, na Mwalimu anajua,
majina yetu hutoka wapi.
Akinyamaza, chukua mzigo wa kuni
umpelekee mama yake Adagala,
yule anayeuza vyungu sokoni Mbale.
Usimweleze neno. Tua kuni, ukae naye.
Mwalimu, hapo rudia. Polepole.

Sasa, Mwalimu, uniwie radhi.
Mpe barua aishike mwenyewe,
utoke ukaangalie ng'ombe wako.

Kasaya, hapa chini pana nafasi nyeupe.
Hiyo si kazi ya wino wa Afande.
Nimemwambia Sefu aiache.
Lakini nani atakusomea maneno haya
na Mwalimu yuko nje? Sikulifikiria hilo.
Basi arudi, ayaseme, kisha atoke tena:
mengine hayapiti katika kinywa cha mwanamume mwingine,
hata awe mwalimu, hata awe Sefu.
Nimechovya kidole gumba katika wino,
cha kushoto, kile nilichokikata kwa mundu
mwaka wa njaa, ukakifunga kwa pindo la leso yako.
Utaliona kovu, limekatiza katikati
kama kijia cha kushuka mtoni.
Weka chako juu yake.




Mimi, Egadwa.

Usimuuze yule mtamba mwekundu,
hata kaka yangu akisema nimeruhusu.
Sijaruhusu.

Sefu anakusalimu. Anauliza,
wimbi lilikauka?